Barabara ya Kitanga Haimo

Kibondo, 11 Februari 2024

Mwanangu Moses,

Amahoro. Huku tunaendelea. Mama yako mkubwa Uwimana anasumbuliwa na goti, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Dada yako Aline amejifungua salama huko Kakonko, mtoto wa kike, na wamempa jina la bibi. Mvua imezidi, maharage yanaozea shambani. Mguu uliobaki hauna neno. Ule uliokatwa unawasha, na daktari ananiambia hauwezi kuwasha kwa sababu haupo. Basi aje yeye aukune. Mwambie mama yako Vestina unga wa muhogo umefika, asante.

Sasa nisikilize. Gari langu limeharibika.

Alhamisi nilifungua lile gemu la simu niende zangu Kasulu kama kawaida. Subira, basi letu, likatokea halina matairi, linaelea juu ya ardhi, mwili mzima rangi ya waridi kama gauni la harusi. Nikawasha hivyo hivyo. Barabara yako uliyonitengenezea, Kibondo mpaka Kasulu, haipo! Nimetupwa kwenye mji wa wageni, maghorofa na taa, hakuna hata mbuzi wa kumpigia honi. Yampayinka! Miaka mitano tangu wanikate mguu, na tangu uniwekee hilo basi ndiyo kazi niliyonayo. Asubuhi nakunywa uji, natoka stendi, nafika Kasulu, nageuza. Sasa nakaa natazama ukuta, na Uwimana ananipa mchele niuchambue.

Kabla hujauliza: ndiyo, nilibonyeza. Simu iliandika "Sasisha" siku tatu mfululizo. Mimi nimeendesha miaka ishirini na nane na sijawahi kupitisha servisi hata siku moja. Nikajikongoja mpaka dukani kwa Abdulrahmani, penye mtandao wa bure, nikabonyeza zote. Abdulrahmani akanisifu kwamba wazee wengine hawajui.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "sawa baba mkubwa, sawa baba mkubwa" halafu unakata. Barua haikatwi. Nampa Salumu, konda wa basi la asubuhi.

Ni mimi baba yako mkubwa,
Pasikali


Kasulu, 18 Februari 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Barua nimeipata, Salumu aliniletea mpaka hapa steshenari ninapofanya kazi. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, yuko sokoni na unga wake kama siku zote. Hongera kwa mjukuu.

Gari halijaharibika na wewe hukukosea peke yako. Basi lile na barabara ile ni modi, yaani vitu tunavyotengeneza sisi wachezaji na kuvipachika kwenye gemu. Wenye gemu hawatujui. Wao wakibadilisha gemu lao, vitu vyetu vinabaki na vipimo vya zamani. Ni kama bodi ya basi uliyochongesha kwa fundi, halafu mtu akakubadilishia chasisi usiku mmoja. Matundu ya bolti hayaonani tena. Rangi ya waridi maana yake gemu linatafuta rangi ya Subira na halioni.

Wote tumelia wiki hii. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna jamaa wa Mwanza mabasi yake kumi na manne yamekufa siku moja.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Mpelekee Abdulrahmani, lakini simama pale pale umwangalie. Kwanza afute gemu lililopo. Pili aweke toleo la zamani nililokuwekea humo, kisha modi. Tatu aingie kwenye mipangilio azime kusasisha kwenyewe. Baada ya hapo ukicheza zima data. Na simu ikiandika "Sasisha" hata mwezi mzima, iache iandike.

Mwanao,
Moses


Kibondo, 24 Machi 2024

Mwanangu Moses,

Salamu nyingi. Goti la Uwimana limepona, sasa anatembea mpaka kanisani na kurudi na habari za watu wote. Maharage tumevuna madebe mawili, mengine tumewaachia panya na Mungu.

Ulivyosema tulifanya, na Subira likarudi na matairi yake. Niliendesha wiki mbili na siku tatu, raha tupu. Halafu Jumanne Aline akanipigia nimwone mtoto kwa picha, nikawasha data. Kuzima nikasahau. Nilipofungua gemu likaniandikia kwamba toleo hili halitumiki tena, sasisha au ondoka. Sasisha au ondoka! Hata trafiki hajawahi kunijibu hivyo. Nimejaribu tena na data nimezima, halitaki.

Naomba unitengenezee upya kulingana na hiyo chasisi mpya. Ulitengeneza mara ya kwanza, utashindwaje mara ya pili? Sikuharakishi. Ila najua siku ni ngapi tangu nishike usukani, na Uwimana naye anajua, maana ninamgombeza bure.

Baba yako mkubwa,
Pasikali


Kasulu, 28 Aprili 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Samahani kwa kukaa kimya mwezi mzima. Ulituma salamu kwa Salumu mara tatu, nami nikajibu "nipo kazini". Nilikuwa kazini kweli, lakini hiyo haikuwa sababu.

Sababu ni hii. Ulichonacho wewe ni modi iliyokwisha kufungwa, kama mkate ulioiva. Kuirekebisha nahitaji unga, yaani faili za mwanzo. Zilikuwa kwenye kompyuta ya hapa kazini, na diski yake ilikufa mwaka jana. Nakala sikuweka. Mimi ninayewaambia wateja kila siku wahifadhi kazi zao sehemu mbili! Niliona aibu kukwambia.

Basi la Subira naweza kulichonga tena, picha ninazo. Barabara ndiyo sina. Ile ya kwanza niliitengeneza kwa kukusikiliza ukiwa kitandani hospitali, na kumbukumbu zangu zimechanganyika. Naomba uniandikie barabara, kipande kwa kipande, kona, mlima, daraja, mahali mlipokuwa mnasimama. Andika kama unavyomwelekeza dereva mgeni.

Mama hajambo. Kasulu mvua zinakaribia kwisha.

Moses


Kibondo, 12 Mei 2024

Mwanangu Moses,

Nimeipokea. Ungesema tangu mwanzo. Gari likikuzimikia njiani unashuka unawaambia abiria, hukai ndani ukijifanya unasubiri mtu.

Chukua kalamu. Kwanza kabisa, usiniwekee lami. Lami ni ya juzi. Mimi nataka vumbi letu jekundu, lile la kufua shati mara mbili. Unatoka stendi ya Kibondo na gia ya kwanza mpaka pale kwa wauza mkaa. Ukimaliza nyumba, miti ya mikaratusi inakuwa kulia, na hapo barabara ina mabati, yaani vile vituta vidogo vidogo. Ukienda polepole inakuvunja mgongo, ukienda sitini unapita juu juu. Busunzu unasimama dakika kumi. Kuna mama alikuwa anauza mihogo ya kuchoma na pilipili, mwekee meza yake upande wa kivuli. Kutoka hapo unateremka kwenda daraja la Malagarasi. Usipige honi darajani, abiria wanaamka na kuanza kuomba kuchimba dawa. Ukipanda ng'ambo ni msitu, na nyani. Makere unashusha nusu ya gari. Baada ya hapo ni vilima vitatu, cha pili ndicho kirefu, halafu unaona mapaa ya bati ya Kasulu yanang'aa.

Nimeandika kurasa tisa, zimo humu zote. Uwimana anasema hata barua za uchumba sikuandika hivi.

Pasikali


Kasulu, 9 Juni 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Kurasa zako tisa nimezibandika ukutani juu ya kompyuta. Mteja mmoja aliuliza kama ni hati ya kesi. Nimefika darajani, na Subira tayari lina matairi. Safari hii kila jioni nahifadhi sehemu tatu.

Kuna kipande kimoja sijakiona. Mama anasema kila Jumatano Subira lilikuwa linaacha barabara kuu na kuingia Kitanga kwenye gulio. Kwenye karatasi zako hakuna Kitanga. Niandikie na hiyo, nusu ukurasa inatosha.

Moses


Kibondo, 13 Juni 2024

Moses,

Kitanga hakuna kitu. Ni njia ya udongo, migomba huku na huku. Iache. Maliza vilima vitatu unitumie.

Wote wazima.

Pasikali


Kasulu, 7 Julai 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama alikuwa na malaria, sasa amepona. Hatukukwambia kwa sababu ungempigia kila saa.

Barabara kuu nimeimaliza. Nimeiendesha mwenyewe mara nne kwenye toleo jipya, haina kasoro. Lakini sijakutumia, na nitakwambia kwa nini.

Najua Kitanga kuna nini. Ndiko baba alikofia. Nilikuwa na miaka minane. Ninachojua ni kile wanachokijua wote: kwamba Ndayiragije, utingo wako na mdogo wako wa tumbo moja, alikuibia funguo gulioni wewe ukiwa hotelini unakula, akaliendesha basi bila leseni, akalipindua mteremkoni. Shuleni waliniita mtoto wa mwizi wa basi mpaka darasa la saba. Tajiri mwenye basi hakuja kuzika. Mama alihama kiti kanisani, akakaa nyuma kabisa, na mpaka leo anakaa nyuma.

Kwenye modi ya kwanza niliweka mawe kwenye njia ya kuingilia Kitanga, ukapita kila siku miaka yote hiyo bila kuuliza mawe ni ya nini. Safari hii sijayaweka. Nataka kuuona huo mteremko, hata kama ni wa kuchora. Niandikie, kisha nitakutumia flashi.

Moses


Kibondo, 18 Agosti 2024

Mwanangu,

Uwimana hajambo. Aline hajambo. Mtoto ameota meno mawili. Barua hii nimeianza mara nyingi na zote nimezichoma jikoni.

Njia ya Kitanga inaingia kulia. Kilomita ya kwanza ni tambarare, migomba pande zote. Halafu unapanda mpaka gulioni. Ng'ambo ya gulio kuna mteremko, mrefu, unapinda kushoto chini kabisa kwenye kijito.

Jumatano ile tulishusha watu wote wa gulio, tukabaki wawili, gari tupu, tunakwenda kupakia mihogo kijiji cha mbele. Utingo anajifunza hivyo, Moses. Gari likiwa tupu dereva anampisha. Hata mimi nilipishwa, wote tulipishwa, hakuna dereva wa zamani aliyejifunzia darasani. Baba yako hakuiba funguo. Nilimpisha mimi. Nilimwambia, "Shika, leo unashuka mlima." Alifurahi mpaka akavua kofia.

Mvua ilikuwa imenyesha. Alianza kushuka na gia ya nne. Mimi ndiye mwenye kujua, ilikuwa nimwambie aweke ya pili kabla ya kuanza. Nilikuwa namenya chungwa. Nilipoinua macho gari lilikuwa limekwisha kuchukua mteremko, matairi yanateleza kwenye tope. Nikapiga kelele, akashika gia ikakataa kuingia. Chini pale tulilala ubavu. Nilitoka dirishani na mchubuko wa mkono. Yeye alibanwa upande wa usukani.

Kabla watu hawajafika nilikuwa nimekwisha kutunga maneno. Niliona leseni yangu inakwenda, niliona jela. Nikasema kachukua funguo nikiwa hotelini, nami nikalifuata gari mbio kwa miguu. Nikayasema polisi, nikayasema kwa tajiri, nikayasema msibani mbele ya mama yako. Marehemu habishi. Nikapewa gari lingine, nikaendesha miaka kumi na moja zaidi mpaka mguu.

Ulipokuwa bweni nilikuandikia kila mwezi. Ulidhani ni upendo. Ulikuwepo upendo, lakini nilikuwa pia naogopa.

Hiyo flashi usinitumie. Sitaki tena kukuomba kitu.

Pasikali


Kasulu, 29 Septemba 2024

Baba mkubwa,

Barua yako nimeisoma. Nilikaa nayo wiki sita kwenye mfuko wa suruali.

Mama hajui. Mimi sitakuwa mdomo wako. Njoo Kasulu umwambie mwenyewe. Salumu atakuwekea kiti cha mbele, nimekwisha kuongea naye. Njoo peke yako.

Barabara imekamilika, na Kitanga imo. Flashi iko mezani kwangu. Usipokuja sitaifuta, lakini na wewe huendeshi.

Moses


Kibondo, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Moses,

Nimefika salama. Uwimana nimemwambia pia, na tangu Jumatatu ananipa chakula bila kusema neno. Nastahili.

Siku ile ulipotoka nje ukaenda kwa jirani hukusikia, kwa hiyo nakuandikia. Nilimwambia mama yako yote, na chungwa sikulificha. Alikuwa anachekecha unga. Hakuacha kuchekecha mpaka nilipomaliza. Nilitegemea alie, au anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Akaniuliza, "Umemaliza, shemeji?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Yale uliyasema msibani mbele ya watu mia mbili. Haya unayasema mbele ya kuku."

Nikaokota magongo yangu.

Akaniambia nilale kwa Salumu, Jumapili niende kanisani kwao. Siku nne nilikaa pale uani kwa Salumu kama mzigo usio na mwenyewe. Jumapili baada ya matangazo katekista Nkunzimana akaniita mbele. Magongo yangu yanapiga kelele kwenye sakafu ile, kila mtu aligeuka. Nikasema: mimi ni Pasikali, kaka yake Ndayiragije. Ndayiragije hakuiba gari. Usukani nilimpa mimi, na nilisema uongo miaka kumi na sita, mkewe na mwanawe wakaubeba. Mengine niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka kichwani. Mzee mmoja wa mbele alisema "Ee Mungu" kwa sauti. Vijana hawakujua hata nazungumzia nini.

Nilipotoka mama yako alipita karibu yangu. Hakunipa mkono. Alisema, "Safari njema." Wewe sikukuona, na sikulaumu.

Sina ombi.

Pasikali


Kasulu, 17 Novemba 2024

Baba mkubwa, shikamoo.

Mama hajambo. Mvua zimeanza, wenye mashamba wamefurahi. Hapa kazini wamenunua kompyuta mpya.

Kanisani nilikuja. Nilikaa nje, upande wa jiko, chini ya dirisha. Nilisikia kila neno na magongo pia. Jumapili iliyofuata wanawake wawili walimfuata mama kwenye benchi lake la nyuma wakataka aende kukaa nao mbele. Akakataa, akasema huko nyuma kuna hewa. Lakini alicheka, na huyo mama kucheka kanisani mimi sijawahi kumwona.

Flashi hii hapa. Abdulrahmani afuate karatasi niliyoizungushia. Wenye gemu watalibadilisha tena, hilo halina shaka, wanafanya hivyo kila baada ya miezi michache. Wakibadilisha usikimbilie kubonyeza. Subiri wiki tatu, wengine wavunjikiwe kwanza, mimi nitakwambia lini. Na hata ukisahau ukabonyeza, safari hii unga ninao. Nitarekebisha.

Hujaniuliza kama nimekusamehe. Bado. Sitaki kukudanganya, tumedanganyana vya kutosha. Asubuhi nyingine naamka nimekasirika mpaka nashindwa kunywa chai. Asubuhi nyingine namfikiria baba akivua kofia, na hilo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kunipa isipokuwa wewe.

Jumapili iliyopita baada ya chakula mama aliniambia nimwonyeshe hicho nilichokuwa nakichora miezi yote. Nikaweka simu mezani, nikaiegemeza kwenye birika. Nikamwonyesha gulio, migomba, kijito kule chini. Nikaweka gia ya pili, nikashuka mteremko wa Kitanga taratibu, nikakata kona, nikavuka kijito, nikasimama salama. Mama alivuta kiti karibu na birika. Halafu akasema, "Irudie." Nikarudia. "Irudie." Tulishuka mara sita, na mara zote sita basi likafika. Nilipotaka kuanza ya saba alinishika mkono, akasema inatosha, akaenda kuosha vyombo.

Mwanao,
Moses